Kusoma majina ya kadi za grafiki, na la kufanya ukisikia "mpya inakuja"

Maswali ni yale yale. "Kaka, 5050 si ndiyo kubwa kuliko 4060?" "Kuna laptopu ya 4090 hapa Mlandege, bei poa, niichukue?" "Wanasema mpya zinatoka mwezi ujao, si bora nisubiri?" Yanaletwa na wanafunzi wa Tunguu, na wapiga video za harusi, na watoto wa skuli wanaotaka gemu tu, huku mzee ndiye atakayelipa. Nayajibu yote hapa kwa pamoja, kwa anayenunua Unguja au Pemba, mpya au mtumba.

Kwanza lishike hili: jina la kadi hutungwa na watu wa mauzo. Boti ikiitwa Mshale haina maana kwamba inakimbia. Cha kuangalia ni injini. Hatua hizi ni za kuifikia injini.

Uwe na vitu hivi kabla hujatoka nyumbani

- Jina kamili la kadi unayoitaka, herufi kwa herufi. Ti, Super, XT, GRE, neno Laptop na idadi ya GB vyote ni sehemu ya jina. Muuzaji akikwambia "ni 3050 tu", bado hujaambiwa kitu.
- Kazi yako kuu kwa sentensi moja: gemu gani, programu gani.
- Picha ya lebo ya pawa saplai ya kompyuta yako, ile inayoonesha wati.
- Urefu wa nafasi iliyomo ndani ya kesi, uliopimwa kwa rula na si kwa jicho.
- Programu ya GPU-Z kwenye flashi, ile inayokuonesha kadi ni ipi hasa. Ni ya bure na ni ndogo. Usitegemee kuipakulia dukani.
- Bando la kutosha kufungua ukurasa wa mtengenezaji wa chipu.

Hatua ya 1: Ligawe jina vipande

Watengenezaji wa chipu za kadi tunaowazungumzia ni watatu: NVIDIA, AMD na Intel. NVIDIA wako hivi. Chukua RTX 4060 Ti 16GB. Herufi za mbele, RTX au GTX, ni jina la familia tu. Tarakimu mbili za mwanzo, 40, ni kizazi. Mbili za mwisho, 60, ni daraja ndani ya kizazi hicho: 50 ni ya chini, 90 ni ya juu. Ti ni nyongeza ndani ya daraja lile lile, na Super kadhalika. GB ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, si ramu ya kompyuta.

AMD walikuwa na mpango wao: kwenye RX 7900 XTX, 7 ni kizazi na 9 ni daraja. Mwaka 2025 wakaupindua. Wakairuka 8000 upande wa kadi za kompyuta za mezani, wakaja na RX 9070 XT, ambapo 9 ni kizazi na 70 ni daraja, ili mnunuzi ailinganishe na 70 ya NVIDIA. Kwa hiyo 7900 na 9070 hazisomwi kwa kanuni moja ingawa zimetoka kiwanda kimoja. Ile GRE ya RX 7900 GRE nayo ni kifupi cha "Golden Rabbit Edition", kwa kuwa ilitoka China mwaka 2023, mwaka wa sungura kwa kalenda yao. Haikwambii lolote kuhusu kasi.

Intel ndio wepesi zaidi, angalau kwa sasa. Herufi ni kizazi, kwa mpangilio wa alfabeti: A ni Alchemist (A750, A770), B ni Battlemage (B570, B580), na C walishaitaja kuwa ni Celestial.

*Tahadhari.* Daraja linalinganishwa ndani ya kizazi kimoja tu. RTX 5050 ya mezani ina viini 2560 (viini ni vitengo vidogo vya hesabu ndani ya chipu), RTX 4060 ina viini 3072, na zote zina GB 8. Nambari imepanda, viini vimepungua, na kwenye gemu nyingi 5050 haiipiti 4060. Mwenye 4060 akishawishiwa "apande" kwenda 5050 anatoa pesa ili abaki alipo. Wala usifuate nambari ukidhani ni tarehe: GTX 1660 Ti ilitoka Februari 2019, baada ya RTX 2080 ya Septemba 2018.

Wanaochora majengo, hili ni lenu khasa. Ukitangaziwa "RTX 6000" ya mtumba, uliza ipi. Kuna Quadro RTX 6000 ya GB 24, RTX A6000 ya GB 48, RTX 6000 Ada ya GB 48, na RTX PRO 6000 Blackwell ya GB 96. Ni vizazi vinne, na bei zao hazikaribiani hata kidogo.

Hatua ya 2: Itafute chipu yenyewe

Kila kadi ina chipu yenye jina la kiwandani ambalo watu wa mauzo hawaligusi. Utaliona kwenye GPU-Z, juu kabisa, palipoandikwa GPU. Kizazi cha RTX 50 kimepangwa hivi: GB202 iko ndani ya 5090, GB203 ndani ya 5080 na 5070 Ti, GB205 ndani ya 5070, GB206 ndani ya 5060 na 5060 Ti, GB207 ndani ya 5050. Kwa NVIDIA, tarakimu ya mwisho ikiwa ndogo, chipu ni kubwa.

Usiichukue kanuni hiyo ukaenda nayo kwa AMD. Navi 48, iliyomo ndani ya RX 9070 XT, ni kubwa kuliko Navi 44 ya RX 9060 XT.

Hapa pia ndipo utakapokamata majina ya kubadilishwa nguo. RX 580 ya 2017 ni RX 480 ya 2016 iliyoongezwa kasi kidogo. RX 580 2048SP, ambayo kwenye mitumba ya kutoka Uchina ni nyingi, ukiifungua unakuta viini 2048, idadi ya RX 570. 580 kamili ina 2304. Si mbovu. Ilipe bei ya 570, basi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kumbukumbu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu itakufaa dukani na itakufaa tena kwenye tetesi. Kadi za kawaida hubeba vipande vya kumbukumbu, na kila kipande hukamata biti 32 za njia ya data inayokwenda kwenye chipu. Gawa upana wa njia kwa 32, upate idadi ya vipande. Kisha zidisha kwa ukubwa wa kipande, ambao kwenye kadi za sasa ni GB 2, na siku hizi GB 3.

Jaribu: RTX 5070 ina njia ya biti 192. Gawa kwa 32, vipande sita. Mara GB 2, ni GB 12. Sawa. RTX 5090: biti 512, vipande 16, GB 32. Sawa. RTX 5060 Ti ina biti 128, yaani vipande vinne, GB 8. Na ile ya GB 16 wameipata kwa kupanga vipande pande zote mbili za ubao. Njia haikupanuka, kumbukumbu imeongezeka.

Sasa tazama jina moja linavyoficha kadi mbili:

- RTX 3050 ya GB 8: viini 2560, biti 128, wati 130. RTX 3050 ya GB 6: viini 2304, biti 96, wati 70.
- GTX 1060 ya GB 6: viini 1280. Ya GB 3: viini 1152. Mtu anadhani tafauti ni kumbukumbu peke yake.
- GT 1030 ndiyo mbaya zaidi. Yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 husafirisha kama GB 48 kwa sekunde. Yenye DDR4 haifiki hata GB 17. Boksi karibu sawa, jina sawa, na hiyo ya DDR4 ikifika kwenye gemu inatambaa. Soma maandishi madogo pembeni ya boksi, na kama boksi halipo, GPU-Z itakwambia aina ya kumbukumbu.

Hatua ya 4: Kama ni laptopu, anza upya

RTX 4090 ya mezani ina viini 16384, GB 24, na hula wati 450. RTX 4090 ya laptopu ina viini 9728 na GB 16, yaani ni chipu ya 4080 iliyovishwa jina la kaka yake. RTX 4070 ya mezani ina GB 12, ya laptopu GB 8. Ila 4060 ya laptopu ina viini 3072 kama ya mezani, kwa hiyo huwezi hata kusema kwamba siku zote wanapunguza. Lazima uangalie moja moja.

Halafu kuna wati. NVIDIA wanamwachia mtengenezaji wa laptopu achague: 4060 ya laptopu inaruhusiwa kuanzia wati 35 hadi 115. Laptopu nyembamba nzuri ya kubebea mkononi na ile nene yenye kelele zinaweza kubeba stika moja na zisikaribiane kwa kasi. Fungua dirisha la amri, andika `nvidia-smi -q -d POWER`, usome kikomo cha wati. Muuzaji akikataa usiandike kitu kwenye mashine yake, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 5: Umeme, kesi na hewa yetu

Kompyuta nyingi za mezani huku kwetu ni za ofisini zilizokuja kwenye makontena, zile nyembamba za Dell na HP. Pawa saplai zake ni ndogo na nyingi hazina waya wa kulisha kadi. Tundu la kadi kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) lenyewe hutoa wati 75, basi. Kwa kesi kama hizo, RTX 3050 ya GB 6 niliyoisema hapo juu, ile ya kimo kifupi (low profile), ndiyo jibu, ingawa kwenye karatasi inashindwa na mwenzake wa GB 8. GTX 1650 nayo hufaa, lakini tazama kwanza: baadhi ya matoleo yana tundu la waya wa pini 6.

Waya wa pini 6 huleta wati 75 zaidi, wa pini 8 wati 150. Usinunue waya wa kugeuza kutoka kwenye plagi ya hadidiski ili ulishe kadi kubwa. Huyeyuka.

RX 6500 XT inahitaji onyo lake peke yake. Inatumia njia nne tu (x4) za tundu la mazabodi, na kwenye mashine za zamani zenye PCIe 3, toleo la nyuma la tundu hilo, kasi yake hushuka vibaya. Tena haina sehemu ya kubana video. Mpiga video za harusi asiiguse hata kwa bei ya bure.

Kwa mtumba, tazama kutu kwenye bamba la nyuma na kwenye skrubu. Hewa ya chumvi haichagui, na kadi iliyokaa dirishani nyumba ya pwani utaijua. Na uweke stabilaiza au UPS kabla ya kadi ya bei kubwa, si baada yake. Nyumba yenye tukuza (mita ya umeme wa kulipia kabla) nayo ifanye hesabu: kadi ya wati 300 inayochezewa usiku kucha unaisikia kwenye yuniti.

Hatua ya 6: Pima tetesi kabla hazijakupima wewe

Hapa ndipo watu wanapopotezea miezi. Kila wiki kuna chipu "iliyovuja". Zipitishe kwenye mambo haya.

Kwanza kalenda. GTX 1080 ilitoka Mei 2016, RTX 2080 Septemba 2018, RTX 3080 Septemba 2020, RTX 4090 Oktoba 2022, RTX 5090 Januari 2025. Miaka miwili, au miwili na ushei, kila mara. Ukiambiwa kizazi kipya kinakuja miezi minane baada ya kilichopita, cheka kwa adabu.

Tena, na hili wengi hawalitazami, zinazotangulia ni kadi kubwa. RTX 3080 ilitoka Septemba 2020, RTX 3050 ikaja Januari 2022. 5090 ilitoka Januari 2025, 5050 ikaja katikati ya mwaka. Kwa hiyo yakhe mwenye pesa ya daraja la 50 anaposema "nasubiri kizazi kipya", hasubiri siku ya uzinduzi tu. Anasubiri siku hiyo, kisha miezi mingine juu yake, kisha mzigo upite Dubai au Kariakoo ya Dar, uvuke bahari, na bei ya mwanzo ipoe. Wa Chake, Pemba, aongeze na safari ya pili.

Pili, hesabu ya hatua ya 3. Mwaka 2025 zilivuma tetesi za RTX 5070 Super yenye GB 18. Je, yawezekana? Biti 192 ni vipande sita. Vipande vya GB 3 vipo, maana RTX 5090 ya laptopu imefika GB 24 kwa njia ya biti 256 kwa kuvitumia. Sita mara tatu ni 18. Basi inawezekana, na kuwezekana hakumaanishi kwamba inakuja. Lakini tetesi ya biti 192 na GB 16 ungeitupa papo hapo.

Tatu, ujue kipi huamuliwa mapema na kipi mwisho. Chipu husanifiwa miaka kabla, kwa hiyo jina la kiwandani na upana wa njia vikivuja mara nyingi ni kweli. Jina la sokoni, wati na bei hubadilika hadi dakika ya mwisho. Mwaka 2018 watu waliimba GTX 1180. Ikatoka RTX 2080. Mwaka 2022 ilisemwa 4090 itakula wati 600 na zaidi, watu wakakimbilia pawa saplai kubwa. Ikatoka na wati 450. RX 5700 XT ilitangazwa kwa dola 449, ikashushwa hadi 399 siku mbili kabla ya kuingia sokoni Julai 2019.

Hata tangazo rasmi si Msahafu. Septemba 2022 NVIDIA walitangaza RTX 4080 mbili, ya GB 16 na ya GB 12, zenye chipu mbili tafauti. Watu wakapiga kelele, Oktoba ile ya GB 12 ikaondolewa, na Januari 2023 ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti, kwa dola 799 badala ya 899. Kadi ile ile. Jina peke yake ndilo lililokuwa na thamani ya mjadala.

Nne, hesabu vyanzo, si taarifa. Video kumi zinazonukuu mtu mmoja ni chanzo kimoja.

Kanuni yangu, na unaweza kubishana nayo: kama kampuni haijataja tarehe yenyewe, nunua leo unachokihitaji leo. Kama imetaja na zimebaki wiki chache, subiri, lakini kwa sababu wenye kadi za sasa wataanza kuziuza, si kwa sababu mpya itafika Darajani.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kulipa

1. Kadi iwe kwenye mashine inayowaka. "Ni nzima, nakuapia" haijaribiwi.
2. Fungua GPU-Z. Viini, biti na aina ya kumbukumbu vilingane na ukurasa wa mtengenezaji, na jina la chipu lilingane na kadi. Neno FAKE likitokea mbele ya jina, hiyo ni kanyaboya: chipu kuukuu iliyodanganywa ijiite mpya. GTX 1050 Ti ndiyo iliyoghushiwa sana.
3. Tazama matundu ya nyuma. Chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi VGA zenyewe, kwa hiyo "1050 Ti" yenye tundu la bluu la VGA itie shaka.
4. Endesha gemu au kipimo chochote kizito kwa robo saa. Sikiliza feni, tazama joto, tafuta madoa au mistari kwenye kioo.
5. Lipa.

Ikikwama

*Kioo cheusi baada ya kufunga kadi.* Angalia kama waya wa umeme wa kadi umeingia mpaka ukalia "tak", na kama kebo ya kioo iko kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Likishindikana, BIOS (programu inayoiamsha mashine) ya mashine ya zamani huenda inahitaji kusasishwa.

*Gemu linakwenda polepole kama zamani.* Karibu kila mara ni ile kebo ya kioo iliyobaki kwenye mazabodi. Kwa laptopu, ingia mipangilio ya Windows, sehemu ya grafiki, ulichagulie gemu chipu kubwa, na uchomeke chaja yake ya asili.

*Arc ya Intel (zile A na B za hatua ya 1) inavuta miguu.* Kadi hizi zinataka Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa ifikie kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, iwashwe kwenye BIOS. Mashine ya ofisini ya miaka mingi iliyopita mara nyingi hainayo, na hakuna draiva (programu ya kuiendesha kadi) itakayokuokoa. Ibadilishe kadi.

*GPU-Z inaonesha x8 (njia nane) na tundu ni x16.* Kwa RTX 4060 ni sawa, imeundwa hivyo. Ikionesha x1 au x4 kwenye kadi isiyo hivyo, bonyeza alama ya kuuliza pembeni ili kadi ifanye kazi kwanza, maana ikipumzika baadhi ya mashine huionesha chini. Isipopanda, itoe kadi, safisha meno yake kwa raba ya penseli, uirudishe.

*Draiva mpya inaikataa kadi.* Draiva za gemu za NVIDIA kwa GTX 900 na GTX 10 zimekoma Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama tu, hadi 2028. Pakua draiva za tawi la 580 (nambari ya draiva, si kadi ya RX 580), usikubali la mbele yake. Na kama ndiyo kwanza uko dukani unaishika hiyo GTX 1060, itumie habari hii kushusha bei.

*Mashine inazima ghafla katikati ya gemu.* Ikizima mara tu kazi inapoanza, ni pawa saplai. Ikizima baada ya dakika kumi au ishirini, ni joto: ondoa vumbi, badilisha pasta ya chipu, na uisogeze kesi kutoka ukutani. Kama fundi anataka kuitia kadi kwenye oveni "ili irudi", mwambie akurudishie kama ilivyo.